Karabini ya Bei ya Mbuzi Wawili

Ijumaa, 5 Februari 1999

Nimenunua bunduki! Leo, sokoni Nizwa. Fupi. Nyeusi. Nyepesi kama mwiko wa pilau.

Niandike kwa mpango. Daftari hili kanipa Rawya, mwanangu. Kasema, Baba, kila siku unanipigia kelele masikioni, andika humo. Anaolewa Alhamisi ya tarehe 25. Mume ni Aws, kijana wa Izki. Mtu mzuri. Anakula sana.

Kijijini kwetu hapa, karibu na Ibra, harusi ina mambo yake. Wageni wa bwana harusi wakifika inapigwa razha, ngoma ya wanaume wenye panga na bunduki. Halafu yanapangwa mawe meupe matano juu ya jabali, ng'ambo ya wadi, mto wetu mkavu. Baba wa bibi harusi anasimama mbele ya watu wote na kuanza kupiga shabaha. Akishapiga ndiyo anamshika mkono bwana harusi na kumuingiza ndani. Baba asiye na bunduki hasimami. Anasimama mjomba.

Mjomba ni Humoud. Kaka wa marehemu mke wangu, Tamima. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ana bunduki ya babu yake, ndefu kama ngazi, pete za fedha toka kitakoni mpaka mdomoni. Tangu Rawya aposwe, Humoud anaipangusa barazani kila asubuhi. Mlango wazi. Makusudi, nimuone.

Na mie nilikuwa nayo, ya baba. Lakini mie kibarua. Mwaka tuliotengeneza mfereji wa falaj jiwe moja lilikataa kutoka. Mtaimbo hakuna. Nikachukua mtutu wa bunduki. Jiwe limetoka. Mtutu umepinda. Wallahi jiwe lenyewe lilikuwa kubwa! Humoud anawasimulia watu ati bunduki yangu inafaa kwa kumvizia aliye nyuma ya nyumba.

Basi leo Nizwa. Bunduki za zamani bei zake bei za ngamia. Nimezunguka mpaka nyayo zimeniwaka. Nasr, mwenye duka la silaha, kanionea huruma, katoa hii chini ya meza. Kaiita karabini. Inakula risasi za bastola. Risasi ndogo, rahisi, haikupigi teke begani. Unatia kumi, unafyatua moja moja mpaka ziishe, hugusi kitu chengine. Nikamuuliza bei. Bei ya mbuzi wawili.

Mbuzi niliokuwa nao ni wawili. Mambo mengine Mungu anayapanga mwenyewe.

Jumamosi, 6 Februari

Polisi. Rukhsa ninayo ya bunduki ya baba, nimekwenda kubadilisha nambari. Askari kaitazama karabini, kaigeuza, kanitazama mie. Kaniuliza ni yangu au ya mjukuu. Nikamwambia mjukuu bado, harusi tarehe 25. Kacheka, kapiga muhuri. Khalas.

Nimerudi nimeitia begani, nikapita mlangoni kwa Humoud. Makusudi, na yeye anione. Kaacha kupangusa. Kasema hongera shemeji, kimezaliwa lini? Mbona hakikutimiza miezi?

Nikamwambia yangu inapiga kumi mfululizo. Yako inapiga moja halafu unatafuta pa kukaa kama mja mzito.

Kasema hata kikohozi kinapiga kumi mfululizo.

Kawaita watu! Wamekuja wanne. Mmoja kaipima kwa shubiri. Kasema shubiri nne na kidole. Wamecheka mpaka wamekaa chini.

Bi Ghaniya kapita na sinia lake la mikate. Mjane kama mie, nyumba ya tatu, ulimi wembe. Kasema wanaume wazima mnagombea fimbo. Baba ni baba hata akishika fagio. Nikamwambia Bi Ghaniya wewe hujui mambo ya bunduki. Kasema alhamdulillahi.

Jumatatu, 8 Februari

Tumemaliza kumimina zege saa tisa. Nikaenda wadini. Hakuna maji, hakuna mtu. Nikapanga makopo matano ya maziwa juu ya jabali. Nikahesabu hatua mia na hamsini, ndiyo desturi. Nikalala kifudifudi. Bismillahi.

Ta!

Vumbi limetimka chini kabisa ya jabali. Ta! Vumbi. Ta! Vumbi. Mjusi kakimbia. Makopo yananitazama tu.

Jambo jengine. Ganda la risasi halikai ndani ya bunduki hii. Linaruka lenyewe, la moto, kutoka shimo la ubavuni, ndiyo risasi nyengine inapanda. La nne limeniingia shingoni, ndani ya kanzu, likateremka mpaka kiunoni. Nimecheza razha peke yangu.

Halafu sauti. Ya Humoud ikilia, mlima unamjibu. Yangu mlima haukujibu. Kajibu Bi Ghaniya kutoka mashambani: nani anakung'uta mkeka?

Nikakaa nikafikiri. Risasi ni ya bastola. Haina pumzi ya safari ndefu, inachoka, inaanguka. Basi nilenge juu. Juu ya makopo, kama dhiraa mbili, upo ufa mweusi jabalini. Nikaulenga ufa.

Ta! Kopo limeruka!

Nimepiga vigelegele. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili.

Mpaka jua kuzama nimepiga makopo saba kwa risasi kumi. Haipigi teke. Bega langu la kubebea saruji limeipenda. Nimerudi nyumbani naimba. Rawya kaniuliza, Baba umekula nini?

Jumatano, 10 Februari

Shabaha ninayo. Sauti sina. Harusi bila mshindo maziko.

Nimepata akili. Pale wadini pana tangi la maji la bati, bovu, limelala, limekatika huku na huku. Mtu akiingia ndani na kupiga kuelekea jabalini, sauti itatoka kama mzinga. Siku ya harusi nitasema nimekaa humo kwa ajili ya kivuli.

Nimejaribu.

DUUUM! Mlima umejibu! Umejibu mara mbili!

Halafu kimya. Dunia nzima kimya. Nimetoka nje, naona ndege wanafungua midomo, hawasemi kitu. Naona mbuzi wa Bi Ghaniya, kumi na mmoja, wanakimbia na mikia juu. Wameingia shambani kwa Humoud, kwenye majani yake ya ng'ombe aliyoyamwagilia wiki tatu. Humoud katoka. Kasimama mbele yangu, midomo inakwenda, mikono inakwenda, mishipa ya shingo imetoka. Sisikii hata neno.

Mazungumzo mazuri kabisa niliyowahi kuwa nayo na Humoud.

Rawya leo ananiandikia kwenye karatasi. Kaandika: chai? Nimemjibu kwa sauti. Kaziba masikio.

Ijumaa, 12 Februari

Sikio la kushoto limefunguka.

Tangi basi. Nimeona kosa liko wapi. Watu hawaisikilizi bunduki, watu wanaitazama. Ya Humoud inaheshimiwa kwa fedha aliyoivisha. Nivishe na yangu!

Nilikuwa na kikuku cha marehemu Tamima, cha fedha, kizito. Kimoja tu. Cha pili kilivunjika siku aliyonirushia. Nikamuuliza Rawya, hiki ni haki yako mwanangu, unasemaje. Kakishika, kakigeuza. Kwa Kiswahili chake kibovu cha watoto waliozaliwa huku, kasema, Baba chukua, Mama alikuwa atacheka mpaka anaanguka. Kakibusu, kanipa.

Nimekwenda Nizwa kwa sonara Talal. Mzee, miwani miwili, mmoja juu ya mwengine. Kaishika karabini kama mtu aliyepewa samaki wa jana. Nikamwambia pete tano, nakshi mpaka kitakoni. Kitako cha plastiki! Kasema plastiki hajapata kuivisha. Nikamwambia bibi harusi havikwi kwa uzuri wake, anavikwa kwa sababu ni harusi. Kalipenda neno hilo.

Halafu kaonyesha ubavuni. Kaniuliza shimo hili la nini? Miaka hamsini anavisha bunduki za watu wakubwa, hajaona yenye jeraha la ubavu. Afanye nini nalo?

Nikafikiri. Vumbi linaingia humo. Na yale maganda ya moto yanatokea humo humo, yameniunguza mpaka kiunoni.

Nikamwambia lizibe.

Kasema atatia kibati cha fedha na ua la komamanga katikati. Mashallah!

Jumanne, 16 Februari

Humoud kenda Izki! Kanambia dereva wa pikapu. Kenda kwa Mubarak, baba yake Aws. Kamwambia shemeji yangu Mahrous ni mtu masikini, ana kitu cha watoto, msije mkacheka, mbele nitasimama mie. Kasema kwa upole. Kapeleka na halwa.

Halwa! Mie kwangu miaka kumi hajaleta hata kibiriti.

Sikulala. Si kwa ajili ya bunduki. Rawya nimemlea mie. Mama yake kafa yeye ana miaka tisa. Nimejifunza kusuka nywele kwa kamba ya katani nikiwa kazini, kwenye miguu ya meza ya kuchanganyia rangi. Nikamsuka, kenda skuli, mwalimu kamfumua. Nikajifunza tena. Halafu siku ya mwisho mkono wa mumewe aushike Humoud?

Jumatano, 17 Februari

Nimeomba siku moja kazini. Nimekwenda Izki nyuma ya pikapu, na magunia ya vitunguu.

Mubarak kanipokea vizuri. Watu wake wametoka Bujumbura, ana malori sita, Kiswahili chake cha bara. Karibu Mzee Mahrous, jisikie nyumbani, hakuna problem. Kanipa kahawa, tende, chungwa, kahawa tena. Wamekaa na jamaa zake, wanaume kama kumi na tano. Aws kasimama mlangoni, kaniamkia shikamoo mara mbili.

Nilikusudia kusema maneno machache. Nitasimama mie, bunduki ninayo, asanteni. Ndivyo nilivyojipangia njiani kwenye vitunguu.

Lakini walikuwa wananitazama kwa huruma. Halwa ya Humoud iko pale pale, imebaki nusu.

Nikasema bunduki yangu inavishwa fedha Nizwa hivi sasa. Wakasema mashallah. Nikasema inapiga bila kupumzika. Wakasema mashallah. Ingelikuwa mtu mwengine angelinyamaza hapo.

Nikasema mawe yote matano nitayaangusha mie. Risasi tano. Kabla hamjapepesa macho.

Mzee mmoja kaniuliza, na usipoyaangusha? Nikamwambia jiwe moja tu likibaki, Humoud amshike mkono bwana harusi, mie nitakwenda kukaa na masufuria.

Mubarak kalipiga goti lake kofi kwa furaha. Kasema hiyo lazima aione, alikuwa alete basi moja, sasa ataleta matatu.

Njia nzima ya kurudi nimejiuliza nani aliyesema maneno yale. Vitunguu havikujibu.

Ijumaa, 19 Februari

Imekuwa tayari!

Sina maneno. Inang'aa! Pete tano. Majani yanapanda kitakoni kama mzabibu. Ubavuni ua la komamanga, pana kama kiganja cha mtoto, shimo halionekani hata kidogo. Talal kavua miwani yote miwili kuitazama. Nasr kaacha duka lake kaja. Kasema kwa miaka yote ya kuuza silaha hajaona karabini kama hiyo. Kaiangalia ubavuni, akataka kusema neno, mteja kamwita.

Nimempita Humoud mlangoni. Pole pole. Nikarudi, nikampita tena. Hakucheka! Kaitazama tu. Halafu kauliza kile ni kikuku cha Tamima? Nikasema ndiyo. Kaingia ndani.

Nimelala nayo kitandani. Baridi, lakini nzuri.

Jumanne, 23 Februari

Bi Ghaniya kaja kumpaka hina Rawya. Kaiona bunduki ukutani. Kasema nzuri, umeijaribu?

Nikamwambia nimeijaribu wadini, makopo saba kwa kumi.

Kasema hiyo ilikuwa kabla. Baada ya fedha je?

Nikamwambia nguo ya harusi haivaliwi shambani. Baruti itaitia weusi. Sonara kaifanya kazi wiki nzima, mie niende kuichafua kwa kopo la maziwa?

Kasema mpishi haonji pilau siku ya kupakua, anaonja kabla.

Wanawake kila kitu kwao chungu. Nikamwambia amalize hina yake.

Jioni nimekwenda wadini bila bunduki. Nimenyoosha mkono mtupu, nikalenga ufa mweusi. Ta, ta, ta, ta, ta. Nimeyaangusha yote. Niko tayari.

Ijumaa, 26 Februari

Jana.

Mabasi matatu. Na malori mawili nyuma, watu wamesimama. Izki yote imekuja! Wamekuja kunitazama mie.

Razha ilivuma mpaka vumbi limepanda mitendeni. Vijana wanarusha panga juu na kuzidaka. Mzee mmoja wa Izki, meno hana, karusha lake juu kuliko wote, kalidaka bila kutazama. Wanawake juu ya dari wanapiga vigelegele. Kanzu yangu imepigwa pasi mpaka inakata. Jambia la baba kiunoni. Karabini mkononi, jua limeipiga fedha, watu wa mbele wameziba macho.

Mawe meupe matano juu ya jabali.

Mubarak kapaza sauti, kawahadithia watu wote ahadi yangu. Neno kwa neno. Hata ile ya masufuria. Humoud kasimama kuliani kwangu na ngazi yake. Hanitazami.

Nikapiga goti. Nikautafuta ufa mweusi. Bismillahi.

Ta!

Jiwe la kwanza limeruka, limepasuka vipande viwili hewani!

Vigelegele! Ngoma! Watu wanarukaruka! Aws kasahau kuwa yeye ni bwana harusi, kapiga mluzi. Nikalenga la pili. Nikavuta.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena. Kimya. Nikaitikisa. Humo ndani kuna kitu kinagonga, kama kokwa ya tende kwenye kopo. Ganda! Ganda linataka kutoka. Mlango umezibwa kwa ua la komamanga.

Nikaipiga kitakoni. Nikailaza, nikaisimamisha. Nikatia ukucha chini ya kibati, ukucha umevunjika. Sonara mzuri yule, kazi yake haibanduki. Ngoma imenyamaza. Watu mia tatu wananitazama nikipigana na bunduki ya bei ya mbuzi wawili. Juu ya dari Bi Ghaniya kasema, si kwa sauti kubwa, lakini nimemsikia kwa masikio yote mawili: hakuionja.

Mawe manne yamekaa. Meupe. Mazuri.

Yule mzee asiye na meno kauliza basi nani anamshika mkono bwana harusi?

Nikainuka. Ahadi ni ahadi, na ya kwangu imesikika mpaka nyuma ya malori. Nikamgeukia Humoud nimwambie pita. Neno halikutoka. Na lenyewe limekwama.

Humoud katoka mbele. Kainua bunduki yake ndefu juu. Nikajua yamekwisha.

Kasema, kwa sauti ile ya kuuzia ng'ombe: Enyi jamaa wa Izki! Mmemuona shemeji yangu? Huyu ana risasi tano. Angeliweza kuyaangusha yote, na nyie mkarudi kwenu bila kupiga hata jiwe. Lakini Mahrous ni mtu wa adabu. Mwenye nyumba haanzi kula akamaliza sinia mbele ya wageni. Kapiga moja la bismillahi, manne kawaachia nyie. Karibuni!

Mubarak kapiga paja lake. Allah! Kasema adabu kama hiyo hajaiona tangu azaliwe! Watu wake wamelia kwa furaha, wamekuja kunibusu bega, mmoja baada ya mmoja.

Humoud kaushika mkono wa Aws. Halafu kautia mkononi mwangu, kaubana mkono wangu juu ya wake. Kaninong'oneza sikioni: cheka, mjinga wee, Izki wanatutazama.

Nikacheka. Nimecheka mpaka machozi. Nikamuingiza Aws ndani kwa mkono huu huu wa kubebea saruji. Rawya kakaa juu ya zulia, kijani na dhahabu, kama mama yake. Kanishika shingo, kasema, Baba, nimeona yote dirishani, bunduki wako mzuri lakini mgonjwa.

Nje wageni wamepiga mawe manne. Wanaume arubaini, risasi sijui ngapi, mlima umejibu mpaka umechoka. Yameangushwa mawili.

Mawili! Mie risasi moja, jiwe moja!

Kwenye sinia nimekaa na Humoud. Nikamuuliza kwa nini. Katafuna nyama muda mrefu. Kasema kikuku kile alimnunulia yeye Tamima, siku ya harusi yetu. Kasema angelinitia mie kwenye masufuria, dada yake angelifufuka kumpiga. Halafu kasema usinifanye nianze kukupenda, nisogezee mchuzi.

Jumapili, 28 Februari

Nyumba kimya. Nimepika chai ya watu wawili, nimekunywa yote.

Humoud kaja na koleo. Kasema tukikate kile kibati. Tutoe ganda, bunduki itakuwa nzima. Nikamwambia hapana. Kasema shemeji, yakhe, haipigi! Nikamwambia jana sokoni watu saba wameniuliza habari ya ua lile. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya shimo.

Kosa, nimelifikiri sana, si la fedha. Kosa ni la risasi. Risasi nzuri isingeliacha ganda.

Nikiwa bado nabishana naye kaja mwenye duka la hapa kijijini anakimbia, ati simu, Izki! Nimekwenda. Humoud kanifuata na koleo lake.

Ni Mubarak. Kasema bwana na bibi harusi wazima, Rawya anasalimia, Aws kamaliza sufuria. Kasema mji mzima hauna hadithi nyengine ila ile risasi yangu moja. Idi kubwa inakuja, wana mashindano yao makubwa ya shabaha, timu kutoka kila upande. Wazee wamekaa jana wamekubaliana. Wanataka mie niyafungue. Mbele ya watu wote. Wataweka mawe kumi.

Ingelikuwa mtu mwengine angelifikiri kwanza.

Nikamwambia kumi machache. Wekeni kumi na tano.

Kafurahi mpaka simu imepiga mluzi. Nikakata. Humoud yuko nyuma yangu, rangi imemtoka, kakaa juu ya gunia la mchele la mwenye duka bila ruhusa. Kasema Mahrous. Mawe kumi na tano. Bunduki ya risasi moja.

Nikamwambia mbona jambo jepesi. Nitapiga moja la bismillahi, kumi na nne nitawaachia wageni. Adabu.

Humoud kanitazama. Kaniuliza, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: shemeji, kule Izki mgeni ni nani?

Nimemwambia asinitilie nuksi.